Bega la Misnadi

Misnadi alipokwenda kumposa Ponirah, Mzee Sahwi, baba wa binti, hakumuuliza habari ya swala wala ya shamba. Aliingiza mkono ndani ya kola ya Misnadi, akaliminya bega. Ndivyo wanavyoposwa mabinti chini ya mlima wa moto Ijen, ambako wanaume hushuka shimoni kuchimba salfa ya njano na kuipandisha kwa mzega, kapu mbele, kapu nyuma. Mzega huotesha nundu begani. Asiye na nundu, mke atamsikia kwa wenzake.

"Laini bado," alisema Mzee Sahwi. "Itakomaa. Mchukue."

Ikakomaa. Binti yao Wilis alipomaliza shule, ikaota ya pili, chini kidogo, mahali ambapo mzega haugusi. Hiyo ilikuwa ngumu kama kifuu. Iliuma hata akiwa amelala, na baada ya mfungo ikaanza kufuka moshi wa njano.

Watu waliona sawa tu. Mlima unafuka, mtu asifuke kwa nini? Ponirah alilalamikia pazia, maana lilikuwa jipya. Asubuhi mumewe akivaa viatu alimwekea muhogo begani, ukapata moto.

Nesi wa zahanati, mtoto wa mchukuzi vilevile, ndiye aliyemwita Ponirah pembeni.

"Mama, nundu za mzega nimekua nazo nyumbani. Ukiisukuma kwa kidole inakimbia, mtu akipumzika inatulia. Hii imeshika mfupa, inakua, inamuuma kalala. Hiyo si ya kungojea. Mpeleke mjini akapigwe picha ya mfupa, tukiwahi ataishi."

"Na moshi?"

"Moshi hauna neno."

Ijumaa hawashuki shimoni. Basi Ijumaa pikipiki ya jirani ilikuwa mlangoni, na Misnadi amevaa shati lake la harusi. Mara akaingia Mzee Sahwi na wazee wenzake wawili.

"Nimewaleta waliguse," alisema. Wakaligusa kwa zamu, wakipuliza vidole. "Mnaona? Na mimi ndiye niliyemchagua!"

"Baba, tunawahi hospitali," alisema Ponirah.

"Hospitali! Bega kama hili likakatwe? Kesho watasema mkwe wa Sahwi kachoka, anatafuta kisingizio."

Misnadi akamtazama mkewe, kisha wazee. Akainama, akaanza kuvua viatu.

"Kang, vaa viatu," alisema Ponirah, akimwita kaka kwa heshima ya kwao. "Nakuomba, mume wangu. Vaa."

"Ijumaa ijayo, mama Wilis."

Hiyo Ijumaa ijayo ina miguu mizito, jamani. Ilipofika, ugonjwa ulikuwa umeshahamia mapafuni, na daktari wa mjini hakuwa na la kufanya ila kufungua dirisha, moshi utoke. Misnadi alizikwa kabla ya mvua. Mzee Sahwi alilia kwa sauti kuliko wote, na alilia kweli.

Kaburi linafuka upande wa kulia, penye bega. Wachukuzi wanaopita huwashia sigara pale, wakasema "samahani, Kang," wakaenda zao. Ponirah huanika nguo mbali kidogo, zisigeuke rangi.

Mwaka uliofuata kijana aitwaye Karsono alikuja kumposa Wilis. Mzee Sahwi akaingiza mkono ndani ya kola ya kijana.

Ponirah alitoka jikoni na birika la kahawa. "Mwache, baba," alisema. "Huyu ana kazi ya kushona viatu. Bega la nini?"

"Wewe mimina kahawa."

"Bega lilimuua mume wangu!"

"Mume wako aliuawa na maradhi," alijibu mzee, kwa upole kabisa. "Bega lilikuwa zima."

Karsono alikuwa ameinamisha kichwa kwa haya, maana bega lake lilikuwa laini kama la mtoto mchanga. Mzee Sahwi hakumkemea. Alimshika mkono, wakatoka, wakapanda hadi makaburini, akakiweka kiganja cha kijana pale upande wa kulia wa kaburi la Misnadi.

"Gusa vizuri," alimwambia. "Bega lako likifika hapa, njoo umchukue."