Kifungu cha Kumi na Saba

Baba yangu, Muzee Félicien, mchungaji, ambaye nyumbani tulimwita Papa, aliandika kanuni za kanisa letu la Bunia kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilizipiga kwenye mashini, kwa sababu nilikuwa na diplome ya ualimu na sikuwa na mdomo. Vilikuwa vifungu arobaini na kimoja. Wasichana wasivae suruali. Wasisuke nywele za dukani. Msichana na mvulana wasikae benchi moja, hata kama benchi ni refu. Kifungu cha ishirini na mbili kilisema msichana asisafiri peke yake, wala na mwanaume ambaye si ndugu yake wala mume wake.

Juu ya msichana na msichana hakuandika kitu. Mtu aliyeweza kunusa pombe kwa kijana aliyesimama ng'ambo ya barabara aliishi miaka mitatu nyumba moja na mapenzi yangu kwa Kaswera, na hakunusa chochote.

Kaswera alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mzaliwa wa Beni. Alikuja kwetu kusali. Nyuma ya jikoni tulikuwa na chumba cha maombi, chenye mkeka, Biblia na komeo kwa ndani. Komeo hilo Papa alilipiga misumari mwenyewe, ili mtu asitusumbue tukiwa mbele ya Mungu. Siku za Jumapili alitutaja katika mahubiri.

"Muangalie hawa watoto wawili," alisema. "Wanafunga pamoja, wanasali pamoja. Kwao kijana hana nafasi."

Mimi niliangalia viatu vyangu. Kaswera aliitikia Amina, kwa sauti ile ya kufundishia.

Halafu akatokea Fulgence, kiongozi wa waimbaji wa korale, mwenye miaka thelathini na sita, meno mazuri na akili fupi. Alifunga siku tatu, na Mungu akamwonyesha uso wangu. Mwaka mmoja kabla, Mungu huyo huyo, kwa siku tatu kama hizo, alimwonyesha Gracieuse, binti wa shemasi. Lakini baba yake Gracieuse alitaka ng'ombe kumi na wawili, na Mungu akabadilisha mawazo palepale. Papa alitaka sita, kwa sababu ya vita.

"Wakati wa vita, binti bila bwana iko mzigo," alimwambia Mama mbele yangu, kama mtu anayezungumzia bati linalovuja. Mama alitikisa kichwa kukubali. Sikuwahi kumwona akifanya kitu kingine. Mpango ulikuwa nifunge ndoa, kisha Fulgence anipeleke Aru, kwa kaka yake anayefanya kazi mpakani. Kaswera angebaki.

Sikukataa. Nyumbani kwetu msichana akikataa mwanaume anaulizwa ni mwanaume gani mwingine anayemtaka, na swali hilo mimi sikuwa na jibu lake ambalo wangelielewa. Tena nilimkumbuka Viviane, aliyesimamishwa mbele ya kanisa zima huku Papa akisoma barua aliyomwandikia mvulana, pamoja na makosa yake yote ya kuandika. Baada ya hapo walimfukuza. Ikiwa hayo yalifanyika kwa ajili ya mvulana, sikuhitaji kuuliza yangekuwa nini kwa ajili ya Kaswera.

Kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo. Tangazo la tatu likishasomwa, hakuna kurudi nyuma, na harusi inaweza kufungwa siku hiyohiyo. Anayesoma matangazo ni mwandishi wa kanisa, yaani mimi. Nilisoma jina langu Jumapili ya kwanza. Nililisoma Jumapili ya pili, kwa sauti ndogo hata Fulgence akaomba nirudie, na nikarudia.

Kabla ya Jumapili ya tatu mapigano yalirudi mjini. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka 2003. Tulikimbilia karibu na uwanja wa ndege pamoja na maelfu ya watu, tukajenga kwa miti na turubai. Mama alibeba sufuria, unga na mablanketi. Papa alibeba muhuri, kitabu cha kanuni na ufunguo wa kanisa. Siku ya nne tulisikia kwamba kanisa limeporwa, na mlango wenyewe umebebwa. Papa aliendelea kuutunza ufunguo mfukoni.

Jumapili waamini kama thelathini walikusanyika, wamekaa juu ya bidoni za maji. Fulgence alikuja na tai shingoni. Alikuwa amepata nafasi mbili kwenye lori la kwenda Aru kesho yake asubuhi. Tangazo lingesomwa, harusi ingefungwa kwa sala fupi, na tungeondoka.

Asubuhi hiyo, kwenye foleni ya maji, Kaswera alikuwa ameniambia kwamba watu wa Beni wanaondoka kwa miguu siku ya Jumanne.

"Na mimi naenda nao," alisema. "Weye ndiye mwenye vifungu, Bibiane. Tafuta."

Nilisimama mbele na karatasi yangu. Nilisoma majina ya wagonjwa. Nilisoma majina ya watoto waliopotea njiani, na waliopotea walikuwa wengi kuliko wagonjwa. Nikafika kwenye jina langu. Nikaweka karatasi chini, nikachukua kitabu cha kanuni, nikasoma kifungu cha kumi na saba: tangazo la ndoa lisomwe ndani ya nyumba ya kanisa, mlango ukiwa wazi, likisomwa mahali pengine halina nguvu, na yote yataanza upya. Papa alikiandika miaka mingi nyuma, baada ya vijana wawili kukimbia na kutangaziwa ndoa yao katika kakanisa kamoja huko Bambu.

Fulgence alicheka kidogo.

"Muzee, siye tuko ndani ya vita," alisema. "Mungu anaelewa."

Hakuna neno baya zaidi ambalo angeweza kulichagua. Hayo ndiyo maneno ambayo walevi na wazinzi wa Bunia walimwambia baba yangu kwa miaka ishirini. Papa alisimama, akachukua kitabu mkononi mwangu, akasoma kifungu mwenyewe, akatazama sahihi yake na muhuri chini. Kisha akanitazama mimi kwa furaha ambayo sijawahi kuiona usoni mwake.

"Huyu ndiye mutoto yangu," alisema. "Hata kwa harusi yake mwenyewe hakubali kuvunja sheria."

Walisema Amina.

Fulgence aliondoka na lori. Familia ya Gracieuse ilikuwa kwenye lori hilohilo, na baadaye tulisikia kwamba njiani, kabla hata ya kufika Mahagi, Mungu alikuwa amemwonyesha Gracieuse mara ya pili. Nadhani bei ilikuwa imeshuka.

Nikabaki mimi. Risasi zilikuwa zinapita juu ya maturubai, na wenye silaha walikuwa wanazunguka kutafuta wasichana. Papa, ambaye hangeweza kuwaacha waamini wake, alitafuta jibu katika kifungu cha ishirini na mbili, akalipata kama hesabu ya darasa la kwanza: Kaswera asisafiri peke yake, Bibiane asisafiri peke yake, basi waende pamoja Beni, kwa shangazi yake Kaswera. Alifurahi sana kwa akili yake.

Jumanne asubuhi alituwekea mikono juu ya vichwa, akatusogeza mpaka vipaji vya nyuso vikagusana. Aliomba Mungu atuunganishe, kila mmoja awe ngao ya mwenzake, na mwanadamu asitutenganishe. Ilikuwa sala yake ya harusi. Nimeipiga kwenye mashini mara nyingi, naijua kwa moyo. Hakuwa na nyingine. Kaswera aliitikia Amina kwa sauti ya kufundishia. Mimi nilimdharau baba yangu mpaka nikaona aibu. Alijua kila dhambi ya mji huu, na mtoto wake mwenyewe hakumjua.

Mama alikuwa amepiga magoti chini, anafunga mzigo wetu. Unga, chumvi, kibiriti. Dada mmoja wa kanisa alimwambia aongeze blanketi la pili, njiani kuna baridi.

"Moja inawatosha," Mama alisema. Hakunitazama. Alivuta fundo mpaka vidole vikabadilika rangi.

Papa alitukimbilia barabarani kutupatia kitabu cha kanuni, ili tusipotee. Njiani, kule Komanda, kuni zilikuwa mbichi. Kaswera aliwasha moto kwa vifungu kumi vya kwanza, na uji ukaiva vizuri. Kisha nikafungua mzigo. Kwetu kulikuwa na mablanketi mawili, dogo langu na kubwa la watu wawili, la Papa na Mama. Mama alikuwa ametufungia lile kubwa.