Nywele Chache za Kisogoni

Mjukuu wangu Mwenda alikuwa anaoa Jumamosi, nami nilitaka kuingia kanisani na nywele nyeusi tii. Jumatano Purity, msusi wa soko la Gakoromone, alinipaka tone la rangi nyuma ya sikio. Akakata pia nywele chache za kisogoni, aende kuzijaribu kwa rangi hiyo.

"Cucu, nyanya yangu, rudi Ijumaa. Ngozi ikiwasha, hatupaki."

"Kitendawili."

"Tega."

"Huonja kabla ya kupakua."

"Mpishi, cucu. Na mimi pia."

Ijumaa nilifika mbio kama msichana. Sikio lilikuwa salama. Lakini Purity alinionyesha zile nywele: zilikuwa kijani kama sukuma wiki.

"Ulipaka nini mwezi uliopita?"

"Hina ya pakiti. Jirani yangu Dhahabo alinipaka."

"Basi hiyo ndiyo imegombana na rangi yangu."

Nilicheka mpaka kitambaa changu cha kichwa kikaanguka, nikijiona kijani kando ya bibi harusi. Kisha nikakumbuka harusi ni kesho.

"Nipigie huyo Dhahabo simu," Purity akasema. "Aje na hina yake. Hina haigombani na hina."

Jumamosi niliingia kanisani na kichwa chekundu kama udongo wa Manyatta, na Mwenda akasahau kumtazama bibi harusi.