Kikomo Kilichobaki Ndani ya Hita

Candiru alikuwa karakanani mjini Arua simu ilipoita. Aliyepiga alikuwa Night Poni, muuguzi wa zahanati moja ndogo ya Koboko, na alizungumza kwa sauti ya chini.

"Mtoto ya Medina iko moto sana," alisema. "Lakini mashine hailii. Kwenye kioo kikomo iko sawa."

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la kuwapasha joto watoto njiti, na programu yake aliiandika Candiru. Aliifungua kwenye kompyuta, akatazama kikomo cha joto. Namba ilikuwa sahihi. Ndipo akakumbuka.

Wakati wa majaribio aliweka kikomo cha juu kuliko kinachomfaa mtoto, halafu akakishusha. Lakini namba ile haikukaa mahali pamoja kwenye kumbukumbu, mashine iende kuisoma kila inapoihitaji. Ilikuwa namba isiyobadilika, ile ambayo programu inapogeuzwa kuwa lugha ya mashine hupachikwa ndani ya kila sehemu inayoitumia. Sehemu ya kioo aliigeuza upya. Sehemu ya hita na king'ora hakuigusa. Kwa hiyo kioo kilitangaza kikomo kipya huku hita ikichemka kwa kile cha zamani.

"Mtoe," alisema. "Chomoa umeme, mweke kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Kosa ni langu."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupatikana.

Ronnie, mwenzake wa karakana, alimpakia kwenye pikipiki kwenda Koboko. Njia nzima Candiru alijiuliza ni muda gani mtoto yule amelala katika joto lile. Kila simu ilipotikisika mfukoni hakuthubutu kuitazama.

Aliwakuta kwenye wodi ya wazazi. Medina alikuwa ameketi, kanga imemfunika yeye na mtoto. Candiru alisimama mlangoni.

"Ananyonya," Night Poni akamwambia. "Joto imeshuka."

Candiru aligeuza programu yote upya, sehemu kwa sehemu, akaiingiza, kisha akaweka kipimajoto cha zebaki ndani ya sanduku tupu. Hita ilijizima ilipopaswa. Night Poni akamuuliza Medina kama angependa mtoto arudishwe.

Medina alimtazama Candiru, akavuta kanga juu zaidi.

"Hapana," alisema. "Atabaki hapa."