Dubu Aliyejisugua

Watu hudhani kazi ya kuongoza wawindaji ni kuwatafutia dubu. Dubu hatafutwi. Hapa kwetu Kodiak, kisiwa cha Alaska, ukikaa mahali pazuri kilimani na kufunga mdomo, atapita mwenyewe. Kazi ni kumfanya mtu aliyetoka bara akae na kufunga mdomo, na hapo ndipo wengi wanaponishinda.

Wazoefu siwapendi, nasema wazi. Wanakuja na hadithi za wanyama waliowaua kwingine, na kila ninachosema wana nyongeza. Ninaowapenda ni wale ambao hawajawahi. Huyo ukimwonyesha unyayo kwenye tope anapiga magoti, anaweka kiganja ndani, kisha anaweka na cha pili kando yake, na bado nafasi inabaki. Halafu anainua uso kukutazama. Nimeongoza watu tangu ujana wangu na uso huo sijauchoka.

Mwaka huu nilimpata Wendell Tasker, dereva wa basi la shule kutoka Iowa, mtu mzima mwenye kitambi kidogo, ambaye hajawahi kuwinda kitu kikubwa kuliko kulungu. Aliiwekea akiba safari hii tangu binti yake hajaanza shule, na sasa binti kaolewa. Alijua hatapata nyingine. Watoto wa kwenye basi walimchorea dubu mwenye meno mengi kupita kiasi, naye akalibandika karatasi lao ndani ya hema, juu ya mto wake. Alikuwa amewaahidi picha.

Na alikuwa na mdomo kama cherehani.

"Mzee Nikifor, mbona humtaji kwa jina?"

"Nani?"

"Si huyo, du..."

"Nyamaza wewe. Uko kwa mtu, unamwita jina lake kama unamdai? Baba yangu alimwita Mwenyewe, na mimi namwita Mwenyewe."

"Na Mwenyewe akinisikia?"

"Atajua una mdomo. Kunywa chai."

Akacheka, akanywa, akauliza jingine. Jioni ile ya kwanza, akisuuza vikombe huku anaimba nyimbo za watoto wake wa basi, aliniuliza kama nina mke. Nikamwambia alikufa. Hapo wageni wote husema pole, kisha hutafuta habari ya hali ya hewa. Yeye alisema pole, akafuta mikono, akakaa.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Paraskeva."

Tangu tumzike hakuna aliyewahi kuniuliza jina lake. Kijijini wote wanalijua, na wageni hawana haja nalo. Binti yetu anaishi Anchorage na hupiga simu akikumbuka. Miezi yote ya baridi huwa nazungumza na birika. Basi nilimsimulia Wendell jinsi Paraskeva alivyokuwa akikanda unga wa piroki, mkate wetu wa samoni na wali, na jinsi alivyokuwa akinitoa mbio kwenye banya, kibanda chetu cha kuogea mvuke, kwa kumwaga maji mengi juu ya mawe ya moto, mvuke unanichoma masikio naye anacheka. Chai ikapoa. Upweke ni uvundo, na jioni ile nilijiona kama nyumba iliyofunguliwa madirisha.

Asubuhi tulipanda bonde. Njiani nilimwonyesha msonobari ambao wenyeji wale wakubwa huufanya mahali pa kujikunia. Majira ya majani kuchipua, ngozi huwawasha, hujisugua hadi manyoya ya nyonga yanakatika na kubaki upara. Ndiyo maana mwindaji wetu haingizi risasi kwenye bunduki mpaka kiongozi atazame kwa darubini na kutoa neno. Ngozi yenye upara ukiitundika ukutani ni kama zulia la mbwa.

"Gusa utomvu," nilimwambia.

"Mkavu."

"Na manyoya?"

"Yamepauka."

"Basi ni ya mwaka jana. Siku ukikuta utomvu unanata, ujue ndiyo kwanza ameondoka."

Alirudia maneno yangu kimoyomoyo, midomo ikicheza, kama mtoto anayekariri sala. Hiyo ndiyo raha ya kazi yangu, na hakuna anayeweza kuninyang'anya.

Jua lilikuwa halijafika utosini Mwenyewe alipotokea upande wa pili wa kijito. Dume kubwa, sikio moja limechanika, anakula majani machanga bila haraka. Niliweka jicho kwenye darubini. Manyoya yalikuwa kamili toka shingo hadi mkia, meusi kwa chini na ya dhahabu kwa juu, yakiyumba kila alipopiga hatua. Sijaona ngozi nzuri kama ile kwa miaka mingi. Pembeni yangu Wendell alikuwa na mkono mmoja kwenye bunduki, ananitazama mimi badala ya dubu. Alikuwa anasubiri neno.

Nikawaza: akipiga sasa, alasiri tunachuna, asubuhi namwita Gus na ndege yake, na kabla ya chakula cha mchana niko na birika.

"Amejisugua," nikasema.

"Wapi?"

"Nyonga zote mbili. Utakuja kujuta."

Alishusha pumzi, akaondoa mkono kwenye bunduki. "Sawa, mzee. Wewe ndiye unayejua."

Zilizofuata zilikuwa siku njema, siwezi kusema vinginevyo. Nilimfundisha kuusoma upepo kwa majivu, kutofautisha kinyesi cha jike na cha dume, kukaa chini ya mvua bila kulalamika. Nilimpikia piroki, akala mpaka akafungua mkanda. Alinisimulia kila mtoto wa kwenye basi, hata yule anayetapika kila Jumatatu. Hatukuona mnyama mwingine wa maana, na mimi sikujali, mpaka nikaanza kujali. Ukungu ulikuja ukakaa. Ulipoondoka, kibali chake cha kuwinda kilikuwa kimebakiza siku ile tu, na nilimpandisha mlima kwa mwendo wa kumuua mtu, nikiomba Mungu aniletee dume lolote lenye manyoya.

Tulipita kwenye ule msonobari. Wendell ndiye aliyesimama. Gome lilikuwa limekwanguliwa, tope bichi hadi juu ya kichwa chake. Aligusa utomvu, akavuta kidole, ukavutika nao.

"Unanata, mzee!" Uso ulikuwa uleule wa kiganja kwenye tope. Akabandua shungi la manyoya, meusi kwa chini, ya dhahabu kwa juu. "Na haya hayajapauka. Ndiyo kwanza ameondoka. Ndiyo kwanza anaanza..."

Akayageuza kwenye mwanga. Alibaki ameyashika.

Hatukwenda mbali. Alikuwa ng'ambo ya kijito palepale, sikio lilelile limechanika, na nyongani ana mabaka mawili ya upara mekundu, mapya kabisa. Wendell alichukua darubini bila kuniomba. Alitazama muda mrefu. Mwenye macho haambiwi tazama, na macho yale nilimpa mimi.

"Siku ile hakuwa hivi," alisema.

"Hapana. Hakuwa hivi."

"Ulikosea?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kila kiongozi hukosea.

"Sikukosea. Ungempiga, ungeondoka."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilinikata zaidi. Upepo ukageuka, Mwenyewe akainua pua, akaingia vichakani taratibu kama mtu anayetoka kwenye mazungumzo yasiyomhusu. Wendell hakuwa hata amegusa bunduki.

Tulirudi kambini. Nilipika, akala, akasema asante. Alisuuza vikombe bila kuimba. Nilisema upepo wa kesho utakuwa mzuri kwa ndege, akasema vizuri. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Nimesikia, mzee," akaingia kwenye blanketi akageukia upande wa mchoro. Mtu aliyekuwa akiniuliza hata jina la mke wangu alikuwa ameishiwa maswali. Nililala nikisikiliza pumzi yake.

Gus alitua ghubani asubuhi. Kwa Gus habari haikai; ukimwambia kitu, mpaka jioni kila bandari ya kisiwa inakijua, na kiongozi asiyeaminika hapati mteja mwingine. Alimwona Wendell anapakia mizigo bila ngozi, akacheka.

"Vipi, Nikifor kakuangusha? Katembea na wewe siku zote hizi, hukupata hata mmoja?"

Nilikuwa nimesimama majini, nimeshika kamba. Nikaizungusha mkononi.

Wendell alikunja karatasi la watoto, akalitia mfukoni.

"Tuliwaona," alimjibu Gus. "Wote walikuwa wamejisugua."

Akanipa mkono, akapanda. Hakusema atarudi. Nilisimama mpaka mlio wa ndege ukaisha, nikarudi kambini kuvunja hema. Juu ya jiwe palikuwa na vikombe viwili, safi, vimefunikwa. Nikateleka birika, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kuliambia.