Mpaka Ciakuthii Aseme

Mgeni aliingia Kibirichia Jumatatu asubuhi juu ya pikipiki iliyojaa matope, amevaa kofia ya idara ya kilimo na viatu vya mjini. Hakupitia kwa chifu wala kanisani. Alikuja moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga unga ya Ciakuthii, nikajua kwamba kuna mtu alikuwa amemwelekeza vizuri.

Hapa kwetu kila mtu ana simu, na kila simu ina redio. Lakini habari kwetu ni kama mahindi: hayaliwi mpaka yasagwe. Bei ya mbolea ikipanda, tunaisikia saa moja jioni, tunalala nayo kimya, kesho tunabeba debe mpaka kwa Ciakuthii kuuliza kama kweli imepanda. Yeye huketi kando ya mashine, mama wa miaka sitini na tisa, aproni nyeupe kwa unga, redio ndogo mapajani na waya sikioni. Mara nyingine hukaa wiki nzima kabla ya kutamka neno, na jambo lenyewe limeshapita. Sisi huiita hiyo busara ya kutokurupuka.

"Naitwa Ismael, natoka ofisi ya Meru!" mgeni alipaza sauti juu ya ngurumo ya mashine. "Ugonjwa wa mnyauko umeingia kwenye mbegu zenu za viazi. Msipande mbegu za akiba msimu huu! Lori la mbegu safi liko tayari, lakini nataka majina hamsini ya wakulima kabla ya Ijumaa saa kumi. Yasipofika, lori linaenda kwingine."

Watu wote wakageuka, si kumtazama Ismael, bali kumtazama Ciakuthii. Yeye alitazama kofia ya mgeni, akashuka mpaka kwenye viatu, akapangusa unga kwenye nyusi.

"Tutaangalia," akasema.

Basi. Watu wakajitwika unga wao. Kufikia mchana, buchani neno hilo lilikuwa limekuwa "Ciakuthii amekataa." Sokoni lilikuwa "Ciakuthii amesema mbegu za serikali huzaa viazi vya maji." Jioni, kwenye mazoezi ya kwaya, wimbo ulikatizwa ili watu wajadili kwa nini Ciakuthii alivitilia shaka viatu vya yule kijana.

Ismael alikuja kwenye kibanda changu kununua soda. Nauza betri na kredito za simu, na shahada yangu ya mawasiliano kutoka chuo kikuu cha Nchiru imetulia chini ya kaunta, ndani ya plastiki.

"Dada, watu wa hapa humsikiliza nani?"

"Umeshamwona."

"Na wewe je?"

"Mimi hunisikiliza redio zao zikiishiwa betri."

Akacheka. Kisha akaniambia kwamba ofisi yao inatafuta mkazi wa hapa wa kueneza habari za kilimo, mkataba wa mwaka mmoja. "Nipatie majina hamsini, Makandi, na kazi ni yako."

Nilikuwa nimengoja sentensi kama hiyo kwa miaka miwili. Nilizunguka nyumba kwa nyumba na daftari. Kufikia Jumatano mchana nilikuwa na majina manne, moja langu, na jingine la mama yangu, aliyeniomba niliandike kwa penseli.

Riungu, mwenye ekari mbili za viazi, alinisikiliza ameegemea jembe. "Hebu nikumbushe, ulisomea nini?"

"Mawasiliano."

"Haya, nenda ukawasiliane na Ciakuthii. Akikubali, hata ng'ombe wangu nitamwandikisha."

Nikaenda. Ciakuthii alikuwa ameniagiza betri, hivyo nilikuwa na sababu ya kubisha. Nilibisha mara tatu, kisha nikazunguka nyuma ya nyumba. Alikuwa ameketi juani, waya sikioni, akitikisa kichwa, hata akifyonya kwa habari mbaya. Redio ilikuwa imelala kifudifudi mapajani pake, kifuniko wazi. Mahali pa betri palikuwa patupu.

"Shosho," nikasema, kama tunavyowaita bibi zetu. "Shosho!"

Akaendelea kutikisa kichwa mpaka kivuli changu kilipomfikia. Akanitazama, akaona ninachokitazama.

"Ni mashine," akasema mwishowe. "Miaka thelathini na miwili. Lilianza kuziba sikio la kushoto. Mwaka jana likafuata la kulia. Midomo ya Kimeru naisoma. Kiswahili cha mbio cha yule kijana, hapana."

Nikamwonyesha redio, nikainua mikono: na habari? Akanionyesha rundo la magazeti yenye madoa ya damu, yale ambayo Idrisi wa bucha humfungia nyama. Ndipo nilipoielewa busara ya kutokurupuka. Ilikuja mara moja kwa wiki, pamoja na nusu kilo.

"Wakijua, watasema nimekwisha, na wataanza kumwuliza Riungu. Riungu, Makandi!" Akanishika mkono. "Niahidi hutamwambia mtu. Hata ikiwa ni kwa faida yako."

Nikaahidi. Kisha nikachana mfuko wa unga na kuandika yote aliyosema Ismael. Macho yake yalikuwa mazima. Akasoma mara mbili, akauliza swali ambalo hakuna mtu, hata mimi mwenyewe, aliyekuwa ameliuliza.

"Tutajuaje kwamba ni kweli?"

Nikaandika: *Kata kiazi, ukiminye. Kikiwa kigonjwa, hutoa ute mweupe.*

Akaingia stoo akatoka na mbegu zake na kisu. Kiazi cha kwanza, safi. Cha pili, safi. Cha tatu kilitoa ute. Alikikodolea macho kwa muda mrefu. Stoo nzima ilikuwa mbegu za kupandwa msimu huu.

"Na mimi niliwaambia tutaangalia," akasema taratibu.

Alhamisi, foleni ikiwa ndefu, Ciakuthii alizima mashine. Kimya kile kiliwatisha watu kuliko ugonjwa wowote. Akainua kiazi kilichokatwa, akakiminya mbele yao.

"Nimeangalia," akasema.

Kufikia Ijumaa mchana daftari lilikuwa na majina sitini na matatu. Riungu aliandikisha mawili, nami nikalifuta la ng'ombe.

Ismael alirudi saa kumi kamili. "Nani amewageuza hawa?"

"Ciakuthii!" watu wakajibu kwa pamoja.

"Huyu wa digrii alizunguka siku tatu," Riungu akaongeza, "akapata majina manne! Jina moja kwa kila mwaka wa chuo!" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama yangu pia.

Ismael akanivuta kando, fomu mkononi. "Nisaidie. Jumatatu nilimwambia mimi mwenyewe, akakataa. Alhamisi akakubali. Hapo katikati wewe ulifanya nini? Nipe kitu cha kuandika hapa, na kazi ni yako."

Nilikuwa nacho. Kilikuwa neno moja tu: hakukusikia. Mlangoni, Ciakuthii alikuwa akiutazama mdomo wangu.

"Nilimpelekea betri," nikasema.

Ismael akanitazama kidogo, akapumua, akaandika jina la Ciakuthii. Mkataba wa mwaka mmoja, pamoja na simu ya ofisi, ambayo sharti ipokelewe kila inapolia.

Jumatatu iliyofuata ikalia, ndani ya mfuko wa aproni, mashine ikiwa imezimwa na foleni nzima ikimtazama. Ciakuthii alikuwa akichambua mahindi kwa utulivu mkubwa.

"Shosho ana unga mikononi," nikawaambia watu. Nikaweka debe langu chini, nikaitoa simu mfukoni mwake.

"Ofisi ya Ciakuthii," nikasema, nikaanza kutafuta kalamu.