Minimum Kilo Hamsini

"Panda tena, mama," nesi alisema. Selina akapanda. Mshale wa mizani ukatikisika, ukatulia kwenye arobaini na tisa.

"Haijazidi," Selina alisema huku akimshukuru Mungu. "Toa, mwanangu. Toa yote."

Tangu jana asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni. Binti yake Flora alikuwa amejifungua akatokwa damu nyingi, na hospitali haikuwa na hata chupa moja ya kumwongezea. Magreth, dada yake Flora aliyekuwa akimuuguza, alisoma tangazo ukutani akapiga simu nyumbani Kinyangiri: watoa damu, minimum kilo hamsini.

Nyumbani neno likawatatiza, hadi Gerald, mnunuzi wa kuku, alipowasaidia. "Minimum ni mwisho. Mnadani ukiniuliza minimum, nakutajia bei ya mwisho." Basi, mwisho kilo hamsini, isizidi. Fabiano, kaka yake Flora, mbeba magunia wa kilo themanini, alikuwa ameshawasha pikipiki; akashushwa. Selina alipimwa kwenye mizani ya alizeti, akakutwa na hamsini na moja. Akausukuma ugali pembeni. Hata maji alikataa.

Nesi alisikiliza yote hayo, uso ukimbadilika. "Mama, minimum maana yake isipungue. Ni kuanzia hamsini kwenda juu."

"Kwa hiyo Fabiano angefaa?"

"Angefaa sana."

"Na mimi jana?"

"Na wewe jana, mama."

Tangazo lilikuwa la Kiingereza, katika hospitali ambayo watu huumwa kwa Kinyiramba na kutibiwa kwa Kiswahili. Labda aliyeliandika alidhani damu ya wilaya ya Mkalama hutolewa na Waingereza. Nesi alishaomba libadilishwe. Akajibiwa limetoka juu, lisiguswe.

Fabiano alipigiwa simu, akasema anakuja. Ni mwendo wa saa mbili. Selina akaomba maji. Alikunywa jagi zima, akaongeza vikombe viwili vya uji alivyopewa na mgonjwa aliyekaa karibu, akatapika, akanywa tena. Nesi alimwambia kwa upole kwamba uzito wa maji hausaidii kitu. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akapanda tena mizani, na mshale ukasogea polepole.

"Hamsini," Selina alisema. "Nesi, njoo uone. Imefika."

Nesi hakuitazama mizani. Alikuwa akimtazama Magreth, aliyesimama mlangoni mwa wodi ya Flora, mikono kichwani.