Askari wa Utambi Katika Shamba la Koome

Kitu cha kwanza Kendi alichoona asubuhi hiyo kilikuwa kipande cha utambi wa kuwashia bunduki kinachofuka moshi juu ya tawi la mti wa kahawa. Alikisogeza kando kisiunguze majani. Nyuma ya miti ya kahawa walikuwa wamelala askari wa Ulaya waliokufa vitani karne nne zilizopita, bunduki zao ndefu wameziegemeza kwenye mti wa makadamia.

Mama yake aliwapikia uji. "Mgeni halali njaa hapa Githongo," alisema, kisha akawakataza kumwaga baruti kwenye mboga zake za sukuma.

Mkubwa wao alizungumza Kimeru chenye lafudhi ya Tharaka. Alikuwa amesikia kwamba Mutegi, ndugu wa marehemu Koome, baba yake Kendi, anakuja kuchukua shamba kwa sababu Koome aliacha binti tu. Wangesaidia. Shida ni kwamba mwenye bunduki akishapiga, hurudi nyuma kujaza baruti, na hapo ndipo farasi humkanyaga. Ndivyo walivyokufa wao. Wenye mikuki mirefu, waliopaswa kuwakinga, walikimbia.

Kendi, ambaye hata kanisani husalimia kwa kichwa tu, alikwenda kuwaita wanawake majirani. Walikuja na miti yao mirefu ya kuangushia makadamia.

Mutegi alifika na vijana wa bodaboda.

"Kendi, leo unaangusha makadamia ama mawingu?" mmoja akamcheka.

"Sogea karibu ujue," akajibu Karambu, jirani yao.

Kendi alisimama mbele kabisa, ncha ya mti wake ikielekea pikipiki. Alijiona mrefu kama ule mti. Bunduki za askari zikalia juu ya vichwa vya wanawake, safu baada ya safu. Kila pikipiki ilifika kwenye ncha za miti ikazima. Moshi ulipoisha, Mutegi alikuwa akiteremka barabarani bila kofia, vijana nyuma yake wakisukuma pikipiki. Hakuna aliyeumia.

Jumamosi wazee wa ukoo waliketi uani. Walikubaliana Mutegi asipewe shamba. Kisha wakauliza kama kuna askari ambaye angekubali kuwa mwana wa Koome, maana shamba haliwezi kukaa bila mwanamume. Mkubwa wa askari akaeleza kwamba wao ni wafu.

"Hiyo si shida," alisema mzee Bundi. "Muhimu awe mwanamume."

Wakamchagua askari mwenye ndevu nyingi, wakampa kiti. Wanawake wakaambiwa walete chai.

Kendi aliweka birika chini. Mikono yake bado ilinuka moshi wa baruti.

"Aliyesimama mbele ni mimi," alisema. "Shamba hili ni langu."